Mzee wa Likoni, barua ya SOPC na Jumanne iliyopotea

Barua ya rufaa aliyopewa mzee kwenda SOPC, yaani kliniki ya upasuaji, ilikuwa sahihi. Ilikuwa na muhuri, na siku iliyoandikwa ndiyo siku ambayo kliniki ile hufanya kazi. Alifika getini saa 1.10 asubuhi, kabla ya wengi. Jioni yake alikuwa amelazwa kwa tatizo ambalo hakutoka nalo nyumbani, na kidonda kilichomleta hakuna daktari aliyekifunua. Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika hospitali kubwa za Mombasa. Mzee na mpwa wake si watu fulani, na hospitali hatuitaji. Makosa yake lakini ni ya kweli, na mengi yanazuilika na mgonjwa mwenyewe au anayemsindikiza, hata hospitali ikibaki kama ilivyo.

Mgonjwa ana miaka 67, anakaa Likoni, ana kisukari kwa miaka 11. Anameza metfomini asubuhi na jioni, na glibenklamidi kila asubuhi. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, chenye wiki 6. Hakimuumi sana, kwa kuwa sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na kidonda kisichouma humfanya mtu achelewe kutibiwa. Hospitali ya karibu na kwao ilimwandikia rufaa: "SOPC, Jumanne, aje amefunga." Msindikizaji ni mpwa wake wa miaka 24, kijana mwepesi na mwenye adabu, ambaye hajawahi kumpeleka mtu hospitali kubwa.

Jibu la getini

Walitoka nyumbani saa 11.40 alfajiri, wakapanda feri na wenda kwa miguu (hao hawalipi), wakachukua matatu hadi mjini na tuktuk hadi getini. Hapo kuna jambo dogo la kumwambia dereva: taja jina zima la hospitali. Wazee wengi bado huiita Hospitali Kuu ya Pwani "Makadara", na dereva kijana akisikia Makadara anaweza kuelekea uwanja wenye jina hilo.

Askari aliuliza, "Mwaenda wapi?" Kijana akajibu, "Nina mgonjwa." Kwa jibu hilo askari alifanya lililo sawa, akawaelekeza idara ya dharura. Dharura haifuati nani alifika mwanzo. Mgonjwa hupimwa presha, mapigo ya moyo, joto na pumzi, kisha hupangwa kwa uzito wa hali yake. Mzee aliyeingia akitembea na kuzungumza, presha yake nzuri, huwekwa pamoja na wanaoweza kusubiri, na kila ajali ya bodaboda inayoingia humpita. Saa 2.35 ndipo sista alipoisoma barua. "Baba, hii si ya hapa. Hii ni ya kliniki." Dakika 85 zilikuwa zimekwenda.

Kijana alikuwa na kila alichohitaji kujibu vizuri: "Tuna barua ya rufaa ya SOPC, ni mara ya kwanza kuja, rekodi ziko wapi?" Humo mna barua, herufi za kliniki, na kwamba faili bado halijafunguliwa. Barua ikae mkononi, isikae ndani ya mfuko wa plastiki chini ya leso na chupa ya maji. Mtu wa getini, wa dirishani na wa kliniki wote huongozwa na karatasi ile, na yule asiyeionyesha huelekezwa kwa kukisiwa.

Herufi nne

Kosa la pili ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi. Kijana alitoka dharura akauliza kila aliyekutana naye, "Kliniki ya sukari iko wapi?" Ami yake ana sukari, kwa hiyo swali lilikuwa na akili. Akaonyeshwa, tena kwa usahihi, kliniki ya magonjwa ya ndani. Wakakaa kwenye benchi dakika 45. Barua ilisema SOPC.

Vibao vingi vya hospitali zetu vimeandikwa kwa herufi za mkato za Kiingereza, na karatasi za rufaa vilevile. OPD ni wagonjwa wa nje kwa jumla. MOPC ni kliniki ya magonjwa ya ndani: sukari, presha, moyo, figo. SOPC ni ya upasuaji: uvimbe, ngiri, vidonda visivyopona. MCH ni mama na mtoto. CCC ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na hapo mtu akipotea huona haya kuuliza, akazunguka asubuhi nzima. MOPC na SOPC zinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini zinaweza kuwa majengo mawili, siku mbili tofauti, na madaktari wasiokutana.

Jina la ugonjwa kwa hiyo halikupeleki mahali. Mwenye sukari anaweza kuandikiwa kliniki ya macho, ya figo, ya mguu au ya lishe. Uliza kwa herufi zilizo kwenye karatasi, na uzionyeshe kwa kidole. Na ukishaonyeshwa jengo, uliza swali la pili ambalo watu huliacha: "Nikifika pale, nampa nani karatasi hii?" Benchi halina foleni mpaka karatasi yako iwe mezani kwa sista. Walio karibu nawe wanaweza kuwa wamekaa kwa mambo manne tofauti, na kukaa nyuma ya mtu wa mwisho hakuna maana yoyote.

Rekodi na dirisha la bima

Walifika SOPC saa 3.30, sista akawaambia faili lafunguliwa rekodi kwanza. Huko walitakiwa kitambulisho. Mzee alikuwa na picha yake kwenye simu ya mpwa. Afisa wa rekodi aliikubali baada ya mabishano mafupi, lakini usiitegemee. Beba kitambulisho chenyewe, barua ya rufaa yenyewe, na nakala moja ya kila kimoja. Hapo ndipo mgonjwa hupewa nambari yake ya hospitali. Ipige picha papo hapo, maana ndiyo itakayoulizwa maabara, famasia na wadi.

Saa 4.10 wakaenda dirisha la SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Yaliwakuta mawili. Mpwa aliamini SHA yake itamfunika ami yake. Haimfuniki. Mwanachama hufunika mwenziwe wa ndoa na watoto wanaomtegemea. Mzazi, ami na shangazi kila mmoja hujisajili mwenyewe, bure, kwa *147# na kitambulisho. Kujisajili peke yake humfungulia mtu huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya. Matibabu makubwa zaidi hutaka mchango uwe umelipwa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara huulipa wa mwaka mzima kwa pamoja.

Mzee alikuwa amesajiliwa na amelipiwa. Aliyemsajili ni mwanawe, akatumia nambari yake mwenyewe kwa kuwa simu ya baba ilikuwa imepotea. Mwana huyo yuko Doha, kazini. Nambari ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwenye laini iliyozimwa. Hospitali nyingine huthibitisha kwa alama ya kidole, na hapo mtego huu haupo, ingawa vidole vya wazee waliofanya kazi ngumu pia husumbua mashine. Dakika 40 zilipotea hapo, mwishowe wakalipa mfukoni. Kagua mapema, ukiwa nyumbani, ni simu gani iliyo kwenye usajili wa mzee wako. Kama si yake au ya anayemsindikiza, ibadilishwe kabla ya siku ya kliniki.

Neno "kufunga"

Hapa ndipo kisa kilipoacha kuwa cha usumbufu kikawa cha hatari.

Barua ilisema "aje amefunga". Kwa daktari maana yake ni saa 8 hadi 12 bila chakula, na maji matupu yanaruhusiwa. Kwa mzee wa Kiislamu wa Mombasa kufunga ni saumu: hata funda la maji haliingii. Alikula saa 2 usiku, akalala, akaamka akaswali alfajiri, hakunywa chochote. Kisha akameza glibenklamidi yake, kwa hisabu kwamba dawa haiachwi. Dawa ile huiambia kongosho itoe insulini, ambayo hushusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo.

Saa 4.50 sista wa SOPC aliwaandikia vipimo: sukari ya kufunga, kreatinini ya figo, sukari ya miezi mitatu (wastani wa muda huo), na picha ya mguu. Wakaenda maabara moja kwa moja. Wakarudishwa, kwa sababu katika hospitali nyingi mwendo ni fomu, keshia, risiti, ndipo maabara. Saa 5.30 walikuwa wamerudi na risiti. Mzee alikuwa amekaa karibu saa 16 bila chakula wala maji.

Saa 5.40 alianza kutoka jasho. Shati lililowa mgongoni, vidole vilitetemeka hata kofia ikamwanguka, na mpwa alipomwuliza jambo alijibu jingine. Kijana alidhani ni joto, akampepea kwa ile fomu ya maabara. Mama mmoja aliyekuwa foleni alimshika mzee shingoni, akaikuta baridi. "Huyu si joto. Ana sukari? Ita sista!"

Jasho la joto humtoka mtu mwenye ngozi ya moto. Jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa za kisukari ni sukari iliyoshuka mpaka kithibitike kingine. Alipotobolewa kidole alikuwa na 2.6 (mmol/L); chini ya 4 tayari ni ya kutibiwa. Kwa aliye macho na anayeweza kumeza, tiba ni gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, ukikuta bado chini ya 4 rudia, kisha apewe chakula halisi. Tende zafaa, ila hutaka kutafunwa, na mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani. Huyo ni wa sindano ya mshipa.

Mpwa alikuwa na hofu nyingine: faili liko SOPC, pesa zimepungua, je watampokea dharura? Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayezidiwa ndani ya hospitali hapelekwi rekodi wala keshia. Mwite mhudumu yeyote aliye karibu, sema kwa sauti "ana kisukari, ameanguka", na ubaki naye.

Baada ya duru mbili za maji ya sukari alifika 4.8, akala mkate na chai. Mpwa akadhani wamalizie vipimo. Daktari alikataa, akamlaza. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zake huenda zimechoka, na sukari inaweza kushuka tena mara ya pili na ya tatu. Saa 10 jioni ilirudi 3.3, akatundikiwa dripu. Lau wangerudi nyumbani, hilo lingemkuta ndani ya feri.

Maneno ambayo barua ingepaswa kubeba ni haya: "Asile kuanzia saa 4 usiku. Anywe maji. Asimeze dawa ya sukari asubuhi mpaka atolewe damu na ale." Kwa anayejidunga insulini maelekezo ni tofauti, na asiache bila kuuliza. Usikubali kuondoka na neno "funga" peke yake. Uliza maji, uliza dawa, uliza saa. Na uliza ni kipimo kipi hasa kinachotaka kufunga: sukari ya miezi mitatu na kreatinini hutolewa hata mtu akiwa ameshiba mahamri na mbaazi. Altrasaundi ya tumbo hutaka kufunga saa 6 hadi 8. Ya nyonga mara nyingi hutaka kibofu kijae, na anayekwenda chooni dakika tano kabla ya kuitwa huanza upya na lita ya maji.

Maji yana faida nyingine. Mshipa wa mtu mkavu hujificha, na mzee alitobolewa mara tatu kabla damu haijapatikana. Chupa zenyewe ni ndogo, zenye vifuniko vya rangi: ya kijivu kwa sukari, ya zambarau kwa sukari ya miezi mitatu, nyekundu au njano kwa figo. Zote pamoja hazizidi vijiko viwili au vitatu vya chai. Kabla hujaondoka, soma jina lililoandikwa kwenye chupa. Chupa yenye jina la mwenzako hukuletea majibu ya mwenzako.

Walipokuja kumtafuta

Jioni mkewe na shemeji zake walivuka kutoka Likoni. Getini walimwulizia kwa jina linalojulikana mtaani kote. Halikuwamo popote. Daftari la wadi lina majina matatu ya kitambulisho, na hayo mke aliyajua ila hakuyafikiria, kwa kuwa miaka 40 hajamwita hivyo. Hata majina ya kitambulisho hayatoshi Pwani, ambako Ali Mohamed na Fatuma Omar ni wengi. Anayebaki na mgonjwa awatumie wenziwe ujumbe mmoja wenye majina matatu, nambari ya hospitali, jina la wadi, ghorofa, na nambari ya kitanda. Kitanda kinaweza kubadilika usiku. Nambari ya hospitali haibadiliki.

Saa za kuona wagonjwa huandikwa getini, na wadi nyingi huruhusu watu wawili kwa zamu. Waliobaki nje waliona wamenyanyaswa. Lakini kitanda hadi kitanda pana nafasi ya mtu mmoja kupita na trei ya sindano, na watu sita wakisimama pale sista hamfikii mgonjwa wa pili.

Mkewe alileta uji, leso safi, na mfuko wa dawa za nyumbani. Akamtolea glibenklamidi ameze jioni ile, maana asubuhi ilionekana amechanganya. Sista aliuona mkono wake ukielekea kinywani. Dawa za nyumbani hukabidhiwa sista mara tu mnapoingia wadi, zote, pamoja na za mitishamba. Chakula vilevile: onyesha, uliza, ndipo umlishe.

Asubuhi daktari alipita saa 4 na kusema, "Leo waenda nyumbani." Walitoka saa 9 alasiri. Kauli ya daktari ni mwanzo tu. Bado kuna kuandikwa muhtasari, dawa kutoka famasia, hesabu ya malipo, kuthibitishwa SHA (mwana wa Doha alikuwa amepatikana usiku), na karatasi ya kumpa askari wa getini. Tuktuk iitwe karatasi hiyo ikiwa mkononi. Muhtasari usomwe kabla ya kutoka: wa mzee ulisema glibenklamidi imesimamishwa, kwa sababu kreatinini ilionyesha figo zimedhoofu. Ile ya nyumbani nayo ikatolewa mfukoni.

Jumanne ya pili

Kadi mpya iliandikwa "SOPC, 8.00". Mzee akaisoma, akasema, "Vyema, saa nane nitakuwa nimeshaswali adhuhuri." Mpwa akamwambia, "Ami, hiyo ni saa mbili asubuhi," akaiandika kwa maneno chini yake. Tarakimu za kadi ni za saa ya Kizungu, na kila wiki kuna mtu anayefika kliniki imeshafungwa kwa sababu hiyo.

Safari hii mzee alikuwa amekula, kwa kuwa vipimo vilivyotaka kufunga vilishamalizika wadini. Walifika saa 1.15, wakamwonyesha askari kadi, wakaenda SOPC, wakaiweka kadi mezani kwa sista na kumwuliza ni karatasi gani nyingine inayotakiwa. Picha ya mguu ilikuwa haijapigwa. Mpwa akalipa na kushika nafasi eksrei huku mzee akishika nafasi ya daktari. Kazi za watu wawili ziligawanywa kwa mara ya kwanza. Saa 5.20 daktari alikifunua kidonda, akaangalia kwenye picha kama mfupa umeguswa, akakwangua nyama iliyokufa, akaandika kisafishwe kila baada ya siku moja kwenye hospitali ya Likoni, bila kuvuka feri. Kabla ya kuinuka mpwa aliuliza chumba gani huko, siku gani za wiki, na nani apewe karatasi hii. Daktari akachukua kalamu tena, akaongeza mistari miwili.